Mguu wa Mama Mkwe Chini ya Pazia

Kabla hujasema mguu wa mtu umeteguka tu, geuza unyayo uutazame. Naliweka hili mwanzoni kabisa, wanangu mnaoanza kazi ya fiziotherapia, kwa sababu nawajua, mtasoma kidogo kisha simu itaita, na ningependa angalau hilo mbaki nalo. Mgonjwa akiingia anachechemea, macho yetu hukimbilia kifundo, maana ndicho kilichovimba kama andazi. Unyayo hakuna anayeuuliza habari. Unyayo wa mtu wa huku milimani una matope na nyufa, mwenyewe anauonea haya, nawe unaona haya kumwambia aunyanyue. Katika kuoneana haya huko, watu wamepata vilema.

Mimi nimeifanya kazi hii hapa Lushoto hadi nilipostaafu, na watu hawakuwahi kuelewa waniite nani. Wengine waliniita mtu wa mazoezi, wengine mkandaji wa serikali. Nilipopeleka posa kwao mke wangu Naomi, kule juu ya Soni, mshenga wangu alisema kwa sauti ya kujiamini kwamba kijana anafanya kazi hospitali, upande wa mifupa. Wakwe wakasikia daktari. Mshenga hakuwasahihisha, na mimi niliendelea kunywa chai. Baada ya harusi, mjomba wake Naomi akaja kwangu na kifua kinachombana, akakunja shati tayari kwa sindano. Nikamwambia sindano sichomi. Akaniangalia.

"Sasa wewe hospitali unafanya nini?"

"Nashika miguu ya watu, mjomba. Mikono pia, na migongo. Naifundisha kutembea upya."

Akashusha mkono wa shati polepole, akafunga kifungo, akasema, "Haya." Tangu siku hiyo nyumba nzima ya ukweni ilijua kwamba binti yao ameolewa na mshika miguu. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wapole zaidi kuliko mwanzo, na upole ule ndio ulioniuma.

Aliyenifundisha mguu hakuwa mwalimu wa chuo. Chuo kilinipa majina. Mguu wenyewe nilifundishwa na Mzee Sefu, fundi plasta wa hospitali yetu, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma ambaye hakuwahi kuivua hata wodini. Alinichukua hadi buchani, akanunua kongoro la ng'ombe, tukaenda kulipasua nyuma ya nyumba yake. Akanipa kisu. "Kata," akasema. Nyama ikakatika. Mafuta yakakatika. Nikafika kwenye utepe mweupe uliong'ang'ania kati ya mfupa na mfupa, kisu kikateleza nusura nijikate kidole.

"Hicho kinachokataa kisu ndicho kitakachokulisha maisha yako yote," akaniambia.

Watu wetu huita kila kitu mshipa, na msiwacheke. Lakini nyinyi mtofautishe. Kano hutoka kwenye msuli na kwenda kuuvuta mfupa. Ligamenti haivuti kitu. Inafunga mfupa kwa mfupa na kuuzuia usipite mpaka wake. Upande wa nje wa kifundo ziko tatu, moja imeelekea mbele, ya katikati imeshuka hadi kisigino, nyingine imekwenda nyuma. Ile ya mbele ndiyo inayokatika mtu anapopinduka mguu kwenye mtelemko. Upande wa ndani kuna moja pana iliyotandazwa kama upepeo, ngumu kiasi kwamba mara nyingi mfupa humeguka kabla yenyewe haijakubali. Chini ya unyayo ziko nyingine zinazoshikilia ule upinde, ili mguu usilale chini kama mwiko.

Halafu iko ile ya katikati ya mguu, ambayo Mzee Sefu aliniwekea kidole juu yake hadi nikakasirika. Mfupa mrefu wa kidole cha pili umejichomeka kati ya wenzake kama kigingi. Shina lake halijafungwa moja kwa moja na shina la mfupa wa kidole gumba. Limefungwa na ligamenti moja ya mshazari, inayotoka kwenye kijifupa cha upande wa ndani. Hiyo ikikatika, mifupa ya mbele inaachana na ya nyuma, na upinde unaporomoka. Damu huvuja kuelekea chini, hivyo unyayo unapiga weusi hata kama juu hapaonekani jambo. Kongoro halina kidole cha pili cha namna hiyo, kwa hiyo Mzee Sefu alinichorea kwa mkaa kwenye kiganja cha mkono wangu. Kisha tukapika supu, tukanywa.

Siku hizo tulikuwa tukifunga plasta mguu ulioteguka na kumwacha mtu nayo hadi ndani kukaanza kunuka. Baadaye mambo yakabadilika, tukaanza kuwasimamisha mapema. Ligamenti ni kama ina masikio, inauambia ubongo mguu umekaaje. Ikishakatika, mtu anakuwa kiziwi wa mguu, na lazima umfundishe kusikia tena kwa kusimama mguu mmoja, kwanza macho wazi, baadaye amefumba. Nyinyi mnayaona haya kwenye simu, mguu mzima unazungushwa kwa kidole. Naona raha mnapoonyeshana. Sisi tulikuwa na kongoro.

Sasa niwaambie jambo ambalo hadi leo nikilisimulia nashusha macho.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Mama yake Naomi alikuwa anashuka kwenye matuta ya shamba lake akiwa na mzigo wa karoti. Ncha ya mguu ikanasa kati ya mawe ya ukingo, kisigino kikiwa juu, na mzigo ukamsukuma mbele. Akaanguka na uzito wote juu ya mguu ule. Majirani walimbeba hadi nyumbani, akapatikana mama mmoja wa kumkanda kwa mafuta ya moto, ikasemwa ameteguka, atapona.

Naomi alikwenda kumwona, akarudi Jumapili mchana. Tulikuwa mezani.

"Kifundo hakijavimba sana," akasema. "Ila hawezi kukanyaga. Na nilipomwosha nikaona kitu. Chini ya unyayo, hapa katikati, pameiva weusi kama aliyekanyaga matunda damu."

Nikaliacha tonge kwenye sahani.

"Mlete hospitali kesho."

Naomi akasimama. Akaanza kukusanya vyombo ambavyo tulikuwa bado hatujamaliza kuvitumia.

"Hataki," akasema mwishowe. "Anasema hospitali uko wewe."

Inabidi muelewe. Kwa watu wa umri wake, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Tulipokutana njiani nilipisha, nikasema shikamoo nikiangalia majani, naye aliitikia marahaba akiwa ameshageuza uso. Jina langu hakuwahi kulitamka. Nikiwa na haja ya kumwambia neno, nilimwambia mtoto amwambie bibi, hata kama bibi amekaa palepale. Mimi nilikuwa mtaalamu peke yangu kwenye idara. Mama huyu alikuwa amelala na mguu ulioachana mifupa, na kilichomzuia asipone nilikuwa mimi.

"Basi apelekwe Korogwe," nikasema. "Au Tanga."

"Nimemwambia. Anasema watu watauliza kwa nini mwenye mkwe wa miguu anapeleka mguu wake mbali."

Usiku huo sikumlaumu mtu. Niliona aibu ya ajabu, ya kuwa kitu kinachohitajika na kisichoguswa kwa wakati mmoja.

Kesho yake tukaenda, mimi na Naomi, tukapanda kinjia cha kwao kutoka barabarani. Uani tulimkuta Eliya, kaka mkubwa wa Naomi, anafunga kabichi kwenye magunia pamoja na majirani wawili. Akaninawisha, akanipa kigoda. Nikamweleza nilichokuja kufanya. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Shemeji, wewe ni mtu wetu," akasema. "Ila kule ndani mama amelala. Mwenyewe unajua."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa hapa."

"Na miguu mingapi hapa kijijini imeteguka, imekandwa, imepona?"

"Mingi. Kama huu ni ule ninaoufikiria, utapona umepinda. Atatembea na fimbo, tena uani tu. Matuta haya hatayapanda."

Eliya akatazama matuta. Majirani wakatazama kabichi. Mama yule alikuwa ameyalima matuta yale tangu alipoletwa pale kama bibi harusi, na alikuwa amemzika mume wake mwisho wa tuta la juu. Nilijua nimesema neno zito, na nikaona haya kulisema mbele ya watu, kana kwamba nimemvua mama wa watu nguo.

Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani. Haikuwa ikisema nami.

"Naomi. Mwambie kaka yako aache kunisemea. Sogezeni kiti mlangoni, mteremshe pazia."

Kukawa na shughuli ndani kwa muda mrefu. Nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Nilisikia kitu kikisuguliwa. Kisha Naomi akaniita nisogee kwenye mlango wa chumba, nikasogea nikiangalia sakafu. Pazia la maua lilikuwa limeteremshwa hadi chini, na nyuma yake nikauona ukingo wa kiti. Pazia likatikisika, na mguu mmoja ukatolewa.

Ulikuwa umeoshwa na kupakwa mafuta. Kisigino kilikuwa kimesuguliwa kwa jiwe hadi nyufa zimekuwa nyekundu. Alikuwa na maumivu ya kumfanya mtu mzima alie, na bado alikuwa ameomba kisigino kisuguliwe kwanza, ili mkwe asikione kilivyo.

Nikapiga magoti. Eliya na majirani walikuwa wamesimama mlango wa nje, sijui kunilinda au kunichunga. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nimeshika miguu ya watu wengi, ya wachuuzi wa mboga, ya wachungaji na ya wafungwa, lakini wa mkwe kamwe.

Nikaanza kama nilivyofundishwa. Nikabonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, nje na ndani.

"Muulize kama hapa panauma."

"Mwambie hapana," ikajibu sauti kabla Naomi hajafungua mdomo.

Nikabonyeza shina la mfupa wa kidole cha mwisho. Hapana. Nikanyanyua unyayo, nikaliona lile doa, jeusi na la zambarau, limekaa pale katikati. Sasa kilibaki kipimo kimoja. Nikashika kisigino kwa mkono wa kushoto kisitikisike, na kwa wa kulia nikaishika sehemu ya mbele ya mguu, nikaizungusha kidogo sana.

"Yoeli," akasema mama mkwe.

Hakupiga kelele. Alilitaja tu, kama mtu anavyomtaja aliye karibu naye anapochomwa. Lakini lilikuwa jina langu, na nyumba nzima ililisikia. Nikauachia mguu kama nimeshika kaa la moto. Huko nje mtu mmoja alikohoa. Nikasema, "Naomi, mwombe anisamehe," na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

Nyuma ya pazia kiti kikalia. Kisha:

"Mwambie amalize."

Nikamaliza. Tukamshusha kwa machela hadi barabarani, Eliya akiwa mbele. Hospitali nikamwomba mtu wa eksirei ampige picha akiwa amesimama, Naomi akimshikilia. Mkumbuke hilo pia, mgonjwa akilala mifupa inaweza kurudi mahali pake ikakudanganya, ila akiukanyagia mguu uzito inaachana. Na kweli, kati ya mfupa wa gumba na wa kidole cha pili palionekana pengo ambalo halikutakiwa kuwapo. Akapelekwa hospitali kubwa, akafungwa skrubu.

Mlidhani aibu iliishia hapo. Alipotoka asingeweza kupanda kile kinjia na magongo, wala kuja kwenye mazoezi kutoka Soni. Ikabidi akae kwangu. Nyumba yangu ni ndogo, wanangu. Tulitundika kanga kugawa sebule. Nilikohoa kabla ya kutoka chumbani, nilikohoa kabla ya kwenda chooni, majirani wakamuuliza Naomi kama nina kifua kikuu. Mjomba yule wa sindano alifika, akaniita pembeni, akaniambia ukoo umesikia kwamba mama ametaja jina langu, na kwamba nimemshika mguu mbele za watu.

"Ulikuwa mguu wa mgonjwa, mjomba."

"Mguu wa mgonjwa una mwenyewe," akasema.

Nilikubaliana naye. Mtu anaweza kufanya jambo sahihi na bado akaona aibu iliyo sahihi. Nikaacha kwenda kanisani kwa muda, nikidai nina zamu.

Mazoezi tuliyafanya hivi: mimi upande huu wa kanga naeleza, Naomi upande ule anamwelekeza mama yake. Kukunja vidole kuvuta kitambaa sakafuni. Kusukuma kiganja changu kwa ncha ya mguu, kiganja kikipitia chini ya kanga. Yalikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye kusimama mguu mmoja. Akayumba, kidole kikanasa kwenye pindo la kanga, kamba yote ikalegea. Naomi akamdaka. Nilisimama palepale nikiwa nimefumba macho.

"Naomi," akasema mama, akihema. "Lifungue hili tambara. Litanivunja na wa pili."

Kanga ikafunguliwa. Akabaki amesimama mbele yangu, ameshika mgongo wa kiti, anatazama dirishani. Mimi nilikuwa natazama mguu wake. Tukaendelea hivyo, kila siku, yeye na dirisha lake, mimi na mguu wangu. Alipofikia kusimama akiwa amefumba macho, nadhani wote wawili tulipata nafuu.

Baada ya kurejea kwake na kuanza tena kupanda matuta, alitaka kutoa shukrani kanisani, na Naomi alinilazimisha niende. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Mama akatembea hadi mbele bila fimbo, amebeba kapu la matunda ya plamsi kichwani. Mchungaji akampa nafasi ya kusema. Hakuwa mtu wa maneno, na nilidhani atamshukuru Mungu na kukaa.

"Mguu huu ulishikwa na mkwe wangu," akasema. "Mmesema sana, nimesikia. Ni kweli, aliushika. Mimi ndiye niliyeutoa. Ningeuficha, leo ningekuwa nakokota."

Akarudi kukaa. Watu wengi waligeuka nyuma kunitafuta, nami nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Sijawahi kutamani ardhi inifunike kama nilivyotamani pale.

Kwa miaka yote ya kazi yangu nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba katika milima hii wanaume ndio wanaoumia miguu zaidi. Niliamini hivyo kwa sababu ndio waliokuja. Niliwaeleza hata sababu zake, mpira, pikipiki, kukata miti. Wanafunzi waliandika.

Jumatatu iliyofuata ile shukrani, nilipofika kufungua idara nilikuta watu wananingoja. Wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Soni, amevaa buti za mvua, ameongozana na binti yake mkubwa. Akakaa, akavua buti moja kwa shida. Mguu ulikuwa umelala wote, upinde umeporomoka, na juu katikati mfupa umetokeza kama kifundo cha pili. Nikamuuliza aliumia lini.

"Nilikuwa namnyonyesha huyu," akasema, akimwelekezea kidevu binti yake.

"Mbona hukuja, mama?"

Akanitazama kwa mshangao, bila ubaya wowote.

"Ningekujaje? Mshika miguu ulikuwa wewe, mwanamume."

Niliinua macho kutoka kwenye mguu wake. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa hadi nje ya mlango, na wote walikuwa wanawake.